Nyika Si Msitu Uliokatwa



Kanda kuu za uoto duniani mlizisoma sekondari: tundra, misitu ya misindano ya kaskazini, misitu ya mvua, majangwa, nyika. Mvua na joto hupanga nini kiote wapi, kisha binadamu huja na shoka, jembe na mifugo. Hayo sitayarudia. Jioni hii nina ugomvi na ramani moja.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapa makala ya Jean-François Bastin na wenzake wa maabara ya Thomas Crowther huko Zurich. Walikokotoa kwamba, ukiacha mashamba na miji, dunia ina nafasi ya kuongeza hekta milioni 900 za miti, na miti hiyo ikikomaa itahifadhi tani bilioni 205 za kaboni. Habari ikapokewa kwa vigelegele. Mwanasiasa gani asingeipenda? Mche unapigwa picha na mgeni rasmi. Nyasi nani atapiga nazo picha?

Sasa itazameni ramani yao. Sehemu isiyo ndogo ya hiyo “nafasi” ni nyika: zetu za Afrika, na za Amerika Kusini. Kielelezo chao cha hesabu kiliuliza habari za udongo na hali ya hewa, kikaona mvua inatosha, kikahitimisha kwamba pasipo na miti pamepungukiwa. Watetezi wake husema kilijifunza kutoka maeneo yaliyohifadhiwa, ambako moto na wanyama wapo. Nimelipima jibu hilo na bado halinitoshi, maana hifadhi zenyewe hazifanani: moja huungua kila mwaka, nyingine haiungui miaka kumi. Mwaka 2020 waandishi wenyewe walilegeza baadhi ya kauli zao. Ramani lakini ilishasambaa maofisini.

Ulizeni umri. Nyasi za nyika ya kitropiki zilianza kutawala maeneo makubwa yapata miaka milioni 8 iliyopita. Binadamu wa aina yetu ana kama laki tatu. Basi msitu huo unaodaiwa kufyekwa, shoka lilikuwa la nani?

Kiangazi kimoja niliwapeleka wanafunzi kwenye nyika ya kusini, wiki chache baada ya moto kupita. Majivu bado yalikuwa meusi, na katikati yake nyasi zimechipua kijani kibichi. Kijana mmoja akashika kichaka kisichofika gotini akitaka kukichukua sampuli. Hakikutoka. Tukachimba. Chini tulikuta shina nene kama mkono wa mtu, limelala na kugawanyika, likisukuma juu vijiti vya mwaka huo tu. Mti mzima umeishi ardhini, vizazi kwa vizazi, ili moto upite juu yake. Mimea ya namna hiyo haizuki katika msitu uliokatwa juzi.

Serengeti nayo ina ushahidi wake. Sotoka ilipoingia miaka ya 1890 iliwaua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Baada ya ng'ombe kuchanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu, nao wakaongezeka kutoka kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi, moto ukakosa kuni, miti ikaongezeka. Hakuna aliyebeba kiriba cha mche.

Niruhusuni nikae kidogo na kitabu ninachowasumbua nacho wanafunzi kila mwaka: kile cha James Fairhead na Melissa Leach cha 1996, kuhusu Kissidougou nchini Guinea. Huko kila kijiji kimezungukwa na kisiwa cha msitu mnene katikati ya nyasi. Tangu siku za ukoloni wa Kifaransa wataalamu walivitazama visiwa hivyo wakasema: haya ni mabaki, wenyeji wameumaliza msitu. Waandishi hawa wakafanya jambo rahisi kwa aibu yetu sote. Walichukua picha za ndege za 1952, wakazilinganisha na za setilaiti za karibu 1990, kisha wakakaa na wazee kuwasikiliza. Visiwa vilikuwa vimeongezeka. Watu walianzisha makazi penye nyasi, wakafunga ng'ombe kando ya kijiji, wakalima bustani, wakaupunguzia moto nyasi za kuunguza, msitu ukaota. Miongo mingi ya sera ilikuwa imeisoma historia kinyumenyume. Ukurasa baada ya ukurasa unaona ofisa anamfundisha mkulima jambo ambalo mkulima ndiye aliyelifanya.

Gharama ya kusoma kinyumenyume ni kubwa. Brazil, sheria ya misitu humtaka mwenye ardhi katika msitu wa Amazon abakize asilimia 80 ya ardhi yake bila kuifyeka. Katika nyika ya Cerrado, sehemu kubwa ni asilimia 20 tu. Makubaliano ya wafanyabiashara wa soya ya 2006 nayo yaliilinda Amazon peke yake. Karibu nusu ya Cerrado imeshageuzwa mashamba na malisho ya kupandwa. Kwetu Afrika, Kate Parr na wenzake walionyesha mwaka 2024 kwamba takriban hekta milioni 70 zilizoahidiwa “kurejeshewa” misitu ziko mahali pasipo pa msitu.

Misitu iliyokatwa kweli ipo, na irudishwe, watu wa milima ya Usambara wanajua. Wenzangu wa idara ya misitu watanipinga kuhusu moto, na wana hoja: ukichelewa kuuwasha hadi nyasi zikauke sana, utaua miti mikubwa, ng'ombe nao wakizidi, vichaka hushika nafasi. Pamoja na hayo nashikilia kwamba moto wa mapema na mfugaji anayehamahama wameitunza nyika kuliko hafla yoyote ya upandaji miti niliyoalikwa. Katika mojawapo mzee mmoja mfugaji aliniuliza pembeni, “Mwalimu, hawa wanapanda miti au wanatung'olea malisho?” Nashauri swali lake liingizwe kwenye fomu ya kila mradi, juu kabisa, kabla ya idadi ya miche, na lijibiwe na wale wanaochunga hapo.