Kipimo, Maji na Ulimi: Kumfuata Yesu Katika Maisha ya Kila Siku Voi

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa makanisa, Voi

Utangulizi

Hoja yangu leo ni moja: anayejua kama kweli tunamfuata Yesu ni jirani yetu. Anajua kwa jinsi tunavyompimia sokoni, tunavyogawana naye wakati wa shida, na tunavyomtaja asipokuwepo.

1. Imani iliyoanza na swali la mvua

Mwaka 1883 mmishonari J. A. Wray wa shirika la CMS alifika Sagalla, mlima huu unaouona ukisimama Voi mjini. Mwaka uliofuata ukame ukaleta njaa kali, na baadhi ya wenyeji wakamshuku mgeni kuwa ndiye aliyefunga mvua. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, Wakatoliki nao walifungua misheni yao Bura.

Ndani ya shaka hiyo kulikuwa na swali, na mababu zetu hawakukosea kuiuliza Injili habari za mvua na chakula. Yesu mwenyewe alilisha wenye njaa, akagusa wenye ukoma, akala na watoza ushuru. Imani isiyo na la kusema mtama unapokauka shambani haiwezi kudai kuwa ni ya Kristo. Nasi leo tunaulizwa maswali yale yale, na tunayajibu kwa matendo kila siku, tupende tusipende.

2. Kipimo

Tuanze sokoni. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili, na karibu kila mmoja wetu amewahi kupimiwa mahindi au maharagwe kwa mkebe huo. Ukiugeuza, mara nyingine unakuta kitako kimebonyezwa kwa ndani, au ubavu umegongwa ukaingia. Kwa macho ya mnunuzi umejaa na kufurika, lakini chakula kinachoingia kwenye mfuko wake ni pungufu. Anayeumia zaidi ni yule anayenunua gorogoro moja kila baada ya siku mbili, kwa sababu hana fedha za kununua gunia.

Sheria ya Musa, katika Walawi 19, inaweka mizani na vibaba vya haki katika sura ile ile inayoagiza mtu ampende jirani yake. Amosi naye aliwakemea wafanyabiashara waliosubiri kwa hamu sikukuu iishe ili warudi kupunja maskini. Kwa hiyo kubonyeza mkebe ni jambo la ibada, hata kama linafanyika Jumanne.

Haya hayawahusu wauza nafaka peke yao. Broka anayenunua kito cha kijani kutoka kwa mchimbaji huko Kasigau, huku akijua thamani yake na mwenzake haijui, ana gorogoro yake iliyobonyezwa. Mwajiri anayemzungusha mfanyakazi wa nyumbani mshahara wa miezi miwili, kisha akatoa sadaka nono, naye asome Yakobo 5. Zakayo alipokutana na Yesu hakuishia kwenye machozi. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba yenye hesabu ndiyo inayomfikia aliyepunjwa.

3. Maji na mazao

Bomba la maji kutoka chemchemi za Mzima linapita katika kaunti yetu likielekea Mombasa, na bado wako wanaohesabu mitungi. Mifereji ikikauka, bei ya mtungi wa lita 20 hupanda. Mwenye tangi na kisima ana mtihani wa imani siku hiyo. Kufanya biashara ya maji si dhambi, ila kumpandishia bei mama mwenye mtoto mgonjwa kwa kuwa hana pa kwenda ni kumnyima Kristo kikombe cha maji.

Kisha kuna tembo. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii. Shamba linaweza kumalizwa na tembo usiku mmoja, wiki moja kabla ya kuvuna. Asubuhi tunaenda, tunasema pole, tunaomba, tunarudi nyumbani. Maombi ni mema, lakini Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akalipia malazi, akaahidi kurudi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu aliyeharibiwa mazao kudai fidia. Mjane mzee asiyejua kusoma atajazaje fomu hizo? Kijana wa kwaya aliyemaliza kidato cha nne anaweza kumjazia, akampeleka ofisini, na kufuatilia hadi jibu lipatikane. Huo ni utumishi, sawa na kuimba.

4. Ulimi

Mwezi Agosti 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliteka Kasigau. Serikali ya Kiingereza iliwashuku wenyeji kuwa waliwasaidia adui, ikaihamisha jamii nzima hadi Malindi. Wengi walifia huko. Walionusurika hawakurudi kwao mpaka miaka ya 1930.

Shaka iliyogeuzwa hukumu iliwaangamiza watu. Sisi hatuna bunduki, lakini tuna simu. Sauti iliyorekodiwa inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, inamtaja mtu kuwa mchawi, mwizi au msaliti wa jamii, na kabla ya jioni ameshahukumiwa. Wakati wa kampeni hali huwa mbaya zaidi. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo inamfunga pia anayesambaza asichokihakikisha. Anayemfuata Yesu humwendea mhusika kwanza, wakiwa wawili tu, kama Mathayo 18 inavyofundisha.

5. Mapendekezo

Kwanza, wafanyabiashara Wakristo wakubaliane kutumia mizani iliyokaguliwa, na wazee wa kanisa wawaulize habari zake kama wanavyouliza habari za ndoa. Pili, kila kanisa liteue watu wawili wa kusaidia waathiriwa wa wanyamapori kufuatilia madai. Tatu, wenye visima wapange mapema bei ya wakati wa ukame na kuwatambua wasioweza kulipa. Nne, viongozi wa makundi ya simu wafute tuhuma zisizo na ushahidi, hata zikitumwa na mtu mkubwa.

6. Maswali ya majadiliano

Je, kuna mtu hapa Voi ambaye tumempunja, na tunamdai Mungu msamaha bila kumrudishia mtu huyo chake? Katika kanisa lako, nani anajua mshahara wa mlinzi na mfagiaji umelipwa lini? Ni neno gani tulilosambaza ambalo inatupasa kulikanusha hadharani?

Naomba kila kundi likirudi na majibu lilete pia jina la kazi itakayofanyika wiki hii, na mtu atakayeifanya. Bwana atuwezeshe.