Amri Isiyosomeka

Askari apokeapo amri isiyosikika vyema huomba irudiwe, hakisii. Cheti cha dawa nacho ni amri. Huko Texas, Marekani, mwaka 1995, daktari aliandika Isordil, dawa ya moyo. Mfamasia akasoma Plendil, dawa ya shinikizo la damu. Mgonjwa akafariki, na mwaka 1999 mahakama ikaamuru daktari alipe fidia.

Basi mfamasia wa Kasese, au wa Bwera ambako wagonjwa huvuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, asione haya kumwuliza daktari. Nawe askari, kabla hujaondoka dirishani, uliza jina la dawa na kipimo chake. Kuuliza si ujinga. Kubahatisha ndiko kunakoua.