Kiendelezi Kinapogoma Kutoka: Kuunda Visakinishi vya File Explorer



Nimeombwa nizungumzie visakinishi vya viendelezi vya File Explorer kwenye Windows, yaani vile viprogramu vinavyoongeza kipengele kwenye menyu mtu anapobofya kulia juu ya faili. Nitaanzia kwenye kuondoa toleo la zamani, maana huko ndiko nilikoumia.

Miaka kadhaa iliyopita niliiandikia ofisi moja kiendelezi kidogo cha masjala. Karani akibofya kulia juu ya waraka, anapata kipengele cha kuupa namba ya jalada. Kiendelezi chenyewe kilinichukua wiki mbili. Kisakinishi nilikiandika mchana mmoja, siku ya kukabidhi, na kilifanya kazi. Tuliporudi na toleo la pili, kompyuta zote zikagoma: faili linatumika. Tukafunga madirisha yote, bado likawa linatumika. Kijana niliyekuwa naye akafungua Task Manager akaisimamisha explorer.exe. Upau wa chini ukatoweka, na aikoni zote nazo. Mama mmoja karani akanigeukia: "Mwanangu, kazi zangu za asubuhi zimekwenda wapi?" Hazikuwa zimepotea, lakini uso wake sijausahau.

Kilichotokea ni hiki. Programu ya kawaida huendeshwa peke yake, ukiifunga, imefungwa. Kiendelezi cha aina hii, tangu enzi za Windows 95, ni faili la DLL linalopakiwa ndani ya programu nyingine. Explorer ndiyo inayochora upau wa chini na aikoni za dawati, kwa hiyo kosa letu moja la kumbukumbu linaweza kuviangusha vyote hivyo. Tena si Explorer peke yake. Mtu akiwa kwenye Notepad, akafungua dirisha la kuchagua faili na kubofya kulia humo, Notepad nayo inapakia DLL yetu. Na kwa kuwa Explorer inayochora upau wa chini huendelea kuendeshwa hata madirisha yake yakifungwa, kufunga madirisha hakukutusaidia siku ile.

Kusakinisha kwenyewe ni kuandika sehemu mbili kwenye rejista ya Windows. Ya kwanza iko chini ya CLSID: kitambulisho cha biti 128, njia ya kuifikia DLL, na neno Apartment linaloeleza namna ya kuiita. Ya pili iko chini ya ContextMenuHandlers, na inasema kiendelezi kitokee wapi: kwenye mafaili yote, ambayo huwakilishwa na nyota, au kwenye folda.

Hapa pana mtego unaokula muda wa watu wengi. Explorer ya Windows ya biti 64 hupakia DLL za biti 64 tu. Kisakinishi cha biti 32 kikiandika chini ya CLSID, Windows huyahamishia maandishi hayo kimyakimya kwenye tawi la WOW6432Node. Usakinishaji unamalizika bila kosa lolote, na menyu haionyeshi kitu. Wanaotumia Inno Setup, ambayo Jordan Russell aliianza mwaka 1997 na wengi wetu tunaitegemea, katika toleo la 6 wahakikishe wameandika ArchitecturesInstallIn64BitMode. Wanaosajili kwa mkono wakumbuke kwamba regsvr32 ya biti 64 ndiyo iliyo kwenye System32, na ya biti 32 iko SysWOW64. Majina yanapotosha, shikeni hivyo hivyo.

Nirudi kwenye faili linalotumika. Windows hairuhusu kufuta wala kuandika juu ya DLL iliyokwisha kupakiwa, lakini inaruhusu kuibadilisha jina. Kwa hiyo kisakinishi kiipe DLL ya zamani jina jingine, kiweke mpya mahali pake, kisha kwa MoveFileEx kiagize ile ya zamani ifutwe kompyuta itakapowashwa upya. Tangu Vista ipo pia Restart Manager, inayoweza kuifunga Explorer na kuifungua tena kwa utaratibu. Mimi nachagua kubadilisha jina, kwa sababu aliye kazini hakatizwi.

Wakati wa kuondoa, futa kwanza maandishi ya rejista ili programu mpya zisiendelee kuipakia DLL, halafu ndipo ushughulikie faili. Na ufute ufunguo wako tu. Nimewahi kuona kiondoaji kilichofuta ContextMenuHandlers nzima, kikaondoka na viendelezi vya watu wengine ambao hawakuhusika kabisa. Ukimaliza, ita SHChangeNotify ili Explorer ijue kuna mabadiliko.

Kuhusu alama ndogo zinazobandikwa juu ya aikoni, nafasi ni 15 kwa kompyuta nzima, na Windows yenyewe huchukua baadhi. Zinagawiwa kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huanza majina yao kwa nafasi tupu ili wawe mbele. Nawasihi tusiingie katika mashindano hayo. Kama alama si ya lazima, iache.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, imesukuma viendelezi vya zamani nyuma ya kipengele cha chaguo zaidi. Anayetaka kukaa kwenye menyu mpya atumie IExplorerCommand na programu yake iwe na utambulisho wa kifurushi kilichotiwa saini. Cheti cha saini kinachoaminika ni gharama, na kwa mtengenezaji anayejitegemea ni vyema aiingize kwenye bei tangu siku ya makubaliano.

 

Jaribio ninaloliamini ni hili. Fungua Notepad, fungua dirisha la kuchagua faili, bofya kulia, uliache wazi. Sasa endesha kisakinishi cha toleo jipya. Kikimaliza bila kumwomba mtu afunge chochote, jaribu na kiondoaji vilevile.

Toleo la tatu nililipeleka ofisini saa nne asubuhi. Yule mama karani alikuwa anaandika barua. Nikamwomba kiti dakika mbili, nikasakinisha, nikampisha. Barua yake ilikuwa wazi pale pale, kishale kikimsubiri katikati ya sentensi.