Kamba wa Naivasha: Avuliwe, Asihamishwe Ovyo

Hotuba kwa vikundi vya wavuvi na wafugaji wa samaki



Kamba mwekundu anayekata nyavu Naivasha si mzaliwa wa hapa. Kwao ni kusini mwa Marekani. Aliletwa ziwani mwaka 1970 kutoka Uganda ili awe biashara, na kweli biashara ilikuwepo: katika miaka ya sabini alisafirishwa hadi Ulaya. Lakini alipoongezeka alikula mimea ya chini ya maji, ambamo samaki wadogo hujificha. Hasara hiyo ndiyo ya kukumbukwa kwanza na yeyote anayefikiria kumfuga.

Louisiana wakulima humfuga pamoja na mpunga. Mavuno yakiisha, shamba hujazwa maji, na kamba hula mabua yanayooza pamoja na wadudu waliomo, wala hanunuliwi chakula. Maji yakitolewa huchimba mashimo kwenye tope, na humo jike hutaga, akiyabeba mayai chini ya mkia. Maji yakirudishwa, vitoto hutoka, vikue, kisha wavuliwe kwa mitego yenye chambo. Mfugo usio na gharama ya chakula kama huo ni nadra.

Tofauti ni kwamba kule yuko kwao. Huku, mashimo yake hutoboa kingo za bwawa hadi maji yavuje, na usiku wenye unyevu hutembea nchi kavu akatafuta mto. Wapo wanaosema atiwe kila bwawa kwa sababu hula konokono wanaoeneza kichocho. Ni kweli, na utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha hivyo. Ila akishaingia mahali, kumtoa ni kazi isiyoisha.

Kwa hivyo busara ni kuanza na walio ziwani tayari. Mtego mdogo wenye vipande vya samaki unatosha. Kamba wawekwe siku moja au mbili katika maji safi watoe tope, waliokufa kabla ya kupikwa watupwe, na waliobaki wachemshwe hadi waive kabisa. Anayedhuriwa na kamba wa baharini asiwaguse hawa pia.

Mwenye nia ya kuchimba bwawa amwone kwanza afisa wa uvuvi, kabla ya jembe kugusa ardhi. Na ndoo ya kamba hai isitoke Naivasha kwenda bwawa la kaunti nyingine, hata kama ni zawadi kwa shemeji.