Wawili Wakipanda, Wawili Washuke



Ukipita Kariakoo asubuhi wakati robota la mtumba linafunguliwa, utaona jambo la kuchekesha kidogo. Jua la Dar es Salaam limeshaanza kuunguza, jasho linamtiririka muuzaji, naye ananing'iniza makoti mazito ya baridi, soksi za sufu na glavu za manyoya. Nguo hizo zimekuja kwa meli na kushushwa bandarini, hapo hapo jirani, na wapita njia huuliza: hivi nani atavaa vitu hivi katika joto hili?

Jibu lipo. Nchi yetu ina theluji, na juu ya msitu wa Kilimanjaro lipo jangwa lake, la baridi. Kwa hiyo wiki hii nazungumzia safari ya mke na mume, ya baiskeli na ya miguu, katika jangwa na theluji. Wengi wetu tumezoea kudhani hayo ni mambo ya Wazungu watupu, na kwamba kazi yetu ni kuwabebea mizigo.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima ule Mei 11, 1848. Aliandika kwamba alipomwuliza kiongozi wake kile cheupe kilicho juu ni kitu gani, yule mwenyeji hakuwa na jina jingine la kukiita ila "baridi". Wasomi wa Ulaya wakabisha, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwenyeji hakuwa na haja ya kubishana nao.

Baiskeli nayo imekwishafika huko. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Richard Crane na Nicholas Crane, mtu na binamu yake, walizifikisha baiskeli zao kileleni ili kuchangisha fedha za misaada. Siku hizi hifadhi ya mlima inawaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia ya Kilema.

Mimi na mwenzangu ni wakazi wa katikati ya mji. Watoto wamekua, na tulikuwa na baiskeli mbili za mtumba. Kwa miezi mitano tulifanya mazoezi. Alfajiri tulivuka kwa pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni, tukaendesha kwenye njia za mchanga mpaka miguu ikatetemeka. Majirani hawakukosa la kusema. Wengine waliona baiskeli ni chombo cha muuza samaki, si cha mtu mwenye nauli ya mwendokasi. Wengine walishangaa mama mtu mzima kupanda baiskeli na kaptula ndefu. Mwenzangu aliwajibu kwamba magoti ni yake.

Kabla ya kuondoka tuliketi jioni moja tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, mmoja wetu akiugua mlimani, wote wawili tutashuka. La pili, aliyeugua hatalaumiwa, si siku hiyo wala mwaka unaofuata. Nitaeleza kwa nini la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Tulikwenda mwezi wa sita, wakati wa kipupwe, tukiwa na kiongozi na wapagazi, maana hifadhi hairuhusu mtu kupanda peke yake. Msituni tuliendesha kidogo na kusukuma sana. Penye mawe baiskeli ndizo zilizotupanda sisi. Tulipofika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, tuliziacha hapo tukaendelea kwa miguu.

Juu ya Horombo ndipo jangwa linapoanza. Kuna mahali pamewekwa kibao kuwajulisha watu kwamba hayo ndiyo maji ya mwisho. Mbele yake, kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, ni uwanda wa vumbi na mawe. Mvua ni haba. Usiku ardhi inaganda, mchana inayeyuka, na mizizi haipati pa kushika. Mchana jua linachoma uso, na likizama tu, maji yanaganda ndani ya chupa. Hapo ndipo lile koti la Kariakoo lilipojibu swali la wapita njia.

Tulilala Kibo, kwenye mita 4,700 na kidogo. Safari ya kileleni huanza karibu na saa sita usiku, changarawe ikiwa bado imeganda. Tulipoamshwa, mwenzangu hakuweza kufunga kamba za viatu. Alikuwa ametapika mara mbili.

"Mama, unajisikiaje?" kiongozi akamwuliza.

"Kichwa kinapasuka. Lakini twendeni tu."

"Mama, hapa hakuna twendeni tu."

Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, wewe uko vizuri. Ukitaka, panda na msaidizi wangu. Mama nitamshusha mwenyewe."

Mwenzangu naye akasema, "Nenda, baba. Umetoka mbali."

Ndugu wasikilizaji, juu yetu taa za waliotangulia zilikuwa zinapanda taratibu kama nyota zilizofungwa kamba. Ruhusa ya kiongozi ninayo, na ya mke ninayo. Nilikaa kimya kwa muda, sikatai. Kisha nikachukua mfuko wake, tukashuka wote. Asubuhi, kule Horombo, aliomba uji akanywa vikombe viwili. Mtu anayeuliza dawa ya ugonjwa wa mlimani, dawa iliyo kubwa kuliko zote ni hiyo, kushuka.

Tuliporudi mtaani swali lilikuwa moja. "Kwa hiyo hamkufika?" Bwana mmoja alinivuta pembeni akanishauri kwamba ningemwacha kibandani nikamalizie safari. Ushauri wake ndio ulionifanya nilete mazungumzo haya.

Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ya kuvuta pumzi ni kama nusu ya ile ya pwani. Upungufu huo hauchagui mwanamume wala mwanamke. Unaweza kumlaza kijana mwenye misuli na kumwacha bibi wa miaka sitini akitembea. Unaanza kwa kichwa na kichefuchefu. Ukipuuzwa, unaweza kufika kwenye mapafu, mtu akakosa pumzi hata akiwa amekaa. Unaweza kufika kwenye ubongo, akayumba kama mlevi na asijue kwamba anayumba. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kujihukumu. Anamhitaji mtu anayemjua, anayejua sauti yake ikibadilika na hatua yake ikipotea. Nani anakujua hivyo kuliko mwenzi wako?

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Mke ataficha maumivu asimharibie mume safari. Mume ataficha asionekane dhaifu mbele ya mke. Wote wawili watasema "twendeni tu", na kila mmoja anadanganya kwa mapenzi. Ndiyo maana nikasema sharti la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Ukiweka sharti la kushuka wote bila kuondoa lawama, umempa mgonjwa sababu ya kunyamaza.

Ipo pia haki ya watu wengine. Jina la Kariakoo, kama mnavyojua, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, waliopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wengi wa vita vile walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Wapagazi wa Kilimanjaro leo hujiita wagumu, na wengine hupanda na viatu vilivyochoka na koti la kuazima. Kanuni inasema mzigo usizidi kilo 20. Mwananchi unayepanda, uliza mzigo umepimwa, uliza mgumu wako amevaa nini na atalala wapi. Wewe unakaa katika mji ambao soko lake lina jina la wapagazi.

Najua wapo watakaosema kwamba tufanye haraka, maana theluji inakwisha. Ni kweli. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwishatoweka, na UNESCO ilitahadharisha mwaka 2022 kwamba iliyobaki huenda isiwepo ifikapo 2050. Kwa hiyo nendeni. Kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na koti lipo mtumbani. Lakini barafu inayokwisha isiwe sababu ya kuimaliza roho ya mtu. Mlima utakuwepo hata barafu ikiisha.

Nawashauri wenye nia waanze mapema. Fanyeni mazoezi pamoja, hata kwa baiskeli ya kuazima. Ongezeni siku moja ya kupumzika Horombo ili mwili uzoee, hata ikigharimu zaidi. Kunyweni maji kabla ya kiu. Mwendo uwe wa yule anayekwenda polepole, naye ndiye atangulie mbele. Na yale makubaliano mawili yafanyeni nyumbani, mezani, wakati vichwa bado vina hewa ya kutosha.

Sisi tumeanza tena mazoezi ya Kigamboni. Safari hii mwenzangu ndiye aliyepanga tarehe, na ameniambia nisisahau kwamba huenda zamu ya kuugua ikawa yangu.

Mpaka wiki ijayo, Mungu akitujalia, kwaherini.