Lugha Isiyo na Kushoto wala Kulia

Mswahili autajapo mkono wake wa kulia huutaja kwa kazi yake, yaani kulia chakula. Atajapo kaskazini na kusini, hutaja kaskazi na kusi, pepo zilizovusha majahazi baina ya Uarabuni na Zanzibar. Lugha yake humpa njia mbili za kueleza kitu kilipo: kwa mwili wake, au kwa pande za dunia. Lugha ya Guugu Yimithirr, ya wenyeji wa asili wa pwani ya Queensland huko Australia, huwapa wasemaji wake njia ya pili peke yake.

Ni kwao nahodha James Cook alikotia nanga mwaka 1770 kuitengeneza meli yake, na ni kwao neno kangaruu lilikotoka. Baada ya hapo hawakuingiliwa sana na wageni kwa karne nzima, mpaka dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1873.

Kwa jadi, anayetaka kupishwa mahali pa kuketi humwomba mwenziwe asogee mashariki kidogo. Basi humlazimu mtu ajue kaskazini iko wapi usiku na mchana, porini na ndani ya nyumba. Tena humlazimu akumbuke, kwani hajui lini atatakiwa kusimulia.

Mwaka 1980 mwanaisimu John Haviland alimrekodi mzee mmoja akisimulia jinsi mashua yao ilivyopinduka, yeye na mwenziwe wakaogelea hadi pwani. Mzee alikuwa ameelekea magharibi, na mikono yake ilionyesha mashua ikipindukia mbele. Miaka miwili baadaye alimsimulia Stephen Levinson kisa kile kile, safari hii akiwa ameelekea kaskazini. Mikono ikatoka kulia kwenda kushoto. Asiyejua angedhani mzee amesahau. Kumbe mara zote mbili mashua ilipinduka kutoka mashariki kwenda magharibi.

Je, ni lugha iliyoifunza akili hivyo? Peggy Li na Lila Gleitman, katika makala yao ya mwaka 2002, walisema la: mazingira ndiyo yanayomfanya mtu ashike pande za dunia, hata lugha yake iweje. Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, historia ya watu hawa ina la kusema. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilimtia kizuizini mmisionari wao Mjerumani, ikawahamisha wao kwa nguvu hadi Woorabinda, kiasi cha kilomita 1,000 kusini. Wengi walifia huko. Waliosalia walianza kurejea mwaka 1949, wakaijenga Hopevale, na wazee wao waliendelea kusema na kukumbuka kwa pande za dunia. Ni kwa vijana wao, waliolelewa katika ardhi ile ile, Kiingereza kilipoingia na kushoto na kulia yake, ndipo ujuzi huo ulipoanza kufifia.