Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na Heshima ya Gigiri
(Hotuba kwa wakazi wa Komarock, Nairobi)



Nimeombwa nieleze kwa nini shirika likitajwa kuwa "linatambuliwa na Umoja wa Mataifa", milango hufunguka na watu huvua kofia. Heshima hiyo ina historia yake, na ina mipaka ambayo haisemwi mara nyingi.

Mwaka 1989, chini ya utawala wa chama kimoja, ilikusudiwa jumba la ghorofa 60 lijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement walipinga. Bungeni alitukanwa. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali. Alipokwenda Mahakama Kuu, aliambiwa hana haki ya kushtaki. Hebu fikirini: raia asiye na haki ya kuitetea bustani ya umma! Sauti yake ilisikika kwa sababu aliandika pia kwa ofisi za Umoja wa Mataifa na marafiki wa ng'ambo. Wakopeshaji wa nje wakasitasita, na mradi ukafa. Ndipo wanaharakati wa wakati ule walipojifunza kwamba aliyefungiwa mlango wa nyumbani hubisha wa jirani. Serikali nayo ikawaita vibaraka wa mabeberu, na mwaka 1990 ikaletwa Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ili kuyatia lijamu.

Sasa, kutambuliwa huko ni nini hasa? Ibara ya 71 ya Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 inaliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na mashirika ya namna hii. Shirika lenye hadhi hiyo huingia mikutanoni na kuwasilisha maandishi, kura halina. Maombi huchujwa na kamati ya nchi 19, yaani serikali ndizo zinazochagua ni nani asiye wa serikali. Na taarifa ya kazi, kwa wanaotakiwa kuitoa, hupelekwa New York kila baada ya miaka minne. Haipelekwi Komarock.

Hiyo ni ngao, ndugu zangu, nami siidharau. Lakini haimpi mtu idhini ya kusema kwa niaba yenu.

Moshi wa jaa la Dandora mnaujua kuliko mimi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilitoa utafiti kuhusu watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Ulimwengu ulisoma, ukasikitika. Jaa halikusogea. Julai 2021, katika kesi iliyofunguliwa na wananchi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe katika miezi sita. Miezi sita ilipita, na malori yakaendelea kuingia.

Linganisheni na Owino Uhuru, Mombasa, kijiji cha watu wapatao 3,000 kilichotiwa sumu ya risasi hiyo hiyo na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliunda shirika pamoja na majirani. Tuzo ya Goldman ya mwaka 2015 ilimpatia sikio la dunia, lakini kesi ilibebwa na wakazi wenyewe. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mfadhili angeweza kuchoka njiani. Mzazi hana pa kuchokea.

Na wafadhili huondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kazi nyingi katika nchi yetu zilikatika ghafla, bila aliyehudumiwa kuulizwa lolote.

Leo Katiba ya 2010 imeufungua ule mlango aliofungiwa Profesa Maathai. Ibara ya 22 inamruhusu yeyote kati yenu kushtaki kwa manufaa ya umma, na ya 70 haimdai athibitishe hasara katika kesi ya mazingira. Basi shirika likija hapa na picha za Geneva, likaribisheni, kisha liulizeni: wanachama wako hapa ni nani? Fedha zilizoombwa kwa jina letu ni kiasi gani, na zimekwenda wapi? Likikataa kujibu, Ibara ya 35 inampa raia haki ya kudai habari anazohitaji ili kuilinda haki yake, hata kutoka kwa asiye serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeweka siku 21 za kujibu.

Barua ya kudai habari ni ya ukurasa mmoja, na Kiswahili chatosha. Baada ya maswali nitabaki kwenye meza ile ya nyuma kumsaidia yeyote atakayetaka kuiandika leo.